Vipande Viwili vya Bati

Bi Tumu aliweka vipande viwili vya bati juu ya ukuta wa matofali mabichi, ukuta ambao mvua moja kubwa ingeuyeyusha. Bei zilikaribiana. Bati la fundi Sefu lilikuwa nene, ila Sefu angeanza baada ya wiki mbili. La shemeji yake Kheri lilibonyea chini ya kidole gumba.

"Shemeji, mimi kesho asubuhi niko juu ya kenchi," alisema Kheri. "Huyo Sefu wako atakuja kuezeka tope."

"Na hili lako likitoboka?"

"Si utaniita? Kwani nahama mji?"

Tone la kwanza likalia juu ya bati jembamba. La pili likaangukia tofali, likazama. Bi Tumu akalifunika tofali kwa kiganja, na kiganja kikatoka na udongo.