Kijidudu cha Ukoo Mkali

Shangazi mtu, mpimaji wa maabara, aliteremka ngazi mbio hadi roho ikabaki ghorofani. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa kijidudu kilichompa mtoto wa kaka yake homa ya uti wa mgongo ni cha ukoo mkali, ule unaoiba masikio ya watoto.

Wodini, mtoto alikuwa kitandani, anavaa viatu.

"Umechelewa, dada!" kaka yake alicheka. "Mwanao kapona. Tangu asubuhi katununia tu, hajibu mtu. Kiburi hicho karithi kwako."

Shangazi hakucheka. Alizunguka nyuma ya mtoto, akagonganisha viganja vyake mara moja, kwa nguvu, karibu na kisogo chake.

Wodi nzima iligeuka.

Mtoto aliendelea kufunga kamba za kiatu, ncha ya ulimi nje.