Sakafu Inayoanzia Katikati

"Acha kwanza hiyo saruji," Loisi alisema, na fundi akabaki na koleo mkononi.

Tailizi zilikuwa zimelazwa kavu, bila saruji, kuanzia pembe ya mlangoni. Zilipofika ukuta wa pili wa jiko, pengo lililobaki lilikuwa na upana wa kiganja upande huu na wa kidole upande ule.

"Ukuta wako umepinda, maza. Tutachomeka vipande tu, nani ataona?"

Kijana wa mjini Kizota huyo, mwenye kupenda sifa. Tangu aingie asubuhi hakuwa amemsalimia mwenye nyumba.

Loisi alikuwa amesuka nyungo miaka tisa ili asimamishe jiko hili hapa Ihumwa. Kila siku ya maisha yake angeliona pengo lile. Na hakuwahi kusuka ungo akaanzia ukingoni.

Akavua kandambili, akaziondoa tailizi zote. Akavuta kamba mbili kutoka pembe hadi pembe, na pale zilipokutana akalaza tailizi ya kwanza, mshazari. Nyingine akazizungushia hiyo, moja baada ya nyingine, mpaka kutani. Kupinda kote kukagawanyika pande nne, kukapotea.

Fundi alisimama mlangoni, akafumba jicho moja, akainamisha kichwa, akatafuta kasoro. Akatafuta tena.

Kisha akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Loisi alijipangusa vumbi magotini, taratibu, bila haraka yoyote.

"Marahaba," akasema. "Sasa koroga saruji."