Wino wa Buluu

Kila mtu alipewa dozi moja tu ya antibayotiki, ya maisha yake yote. Ukishaitumia, unapakwa kidole gumba wino wa buluu usiofutika.

Kibwana, mgema aliyeanguka kutoka mnazini akavunjika uti wa mgongo, alipakwa mwaka ule ule. Mkewe, Mwanakombo, alipakwa mwaka jana, alipompa mumewe dozi yake: Kibwana alikuwa amepimwa kibofu kwa mpira, mkojo ukaingia vijidudu, homa ikamtikisa siku tisa.

Tangu aanguke, kibofu chake hakikutoa mkojo vizuri; leo ilibidi apimwe tena, la sivyo figo zingekufa kimyakimya. Nesi alimwingiza mpira, akajaza kibofu maji, akasoma mashine.

"Kaka, usiondoke bila dawa. Una ndugu ambaye hajapakwa?"

"Sina. Nitakunywa maji mengi."

"Maji peke yake hayatatosha."

Kibwana akaanza kulia kama mtoto. Mwanakombo, aliyekuwa kando yake, alitoka na kichanga chao, Raya, mgongoni, akakawia, akarudi na vidonge.

"Kaka yangu Shaame kajitolea. Meza, Baba Raya."

Alimeza upesi, asiulize Shaame, aishiye mbali, amefikaje hapo upesi hivyo.

Nyumbani, Mwanakombo alimlaza Raya kifuani pa baba yake, mikono imevishwa soksi.

"Asijikune uso," alisema, akakimbilia jikoni.

Soksi, na joto lote lile! Kibwana akaivua moja taratibu. Kidole gumba, kidogo kama punje ya harage, kilikuwa cha buluu.

Kisha Raya akakohoa.