Jogoo wa Idi

Nilisimama nyuma ya pazia, upawa mkononi, nikisubiri baba mkwe atie tonge la kwanza mdomoni. Hiyo ilikuwa Idi yangu ya kwanza kuwapikia wakwe.

Alitafuna taratibu. "Pilau imeiva vizuri," alisema. Wageni wote watano wakaingiza mikono kwenye sinia, nami nikashusha pumzi.

"Mwiteni na jirani," akaongeza.

Jirani yetu ni Yusufu. Tulikuwa na wiki mbili tu tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari, yake ikaangukia ubavuni mwa yetu. Asubuhi ile, wanaume wetu walipokwenda kuswali, nilimkuta barazani kwake, mguu umefungwa kitambaa. Nikadhani kidonda ndicho kilichomzuia kwenda msikitini. Nikampa jogoo na kisu.

"Nichinjie, kaka."

Alisita kidogo, akachinja.

Sasa alikuja akichechemea, akanawa, akaketi mkekani. Akainua mkono wa kulia. Akagusa paji la uso, akagusa kifua, bega la kushoto, bega la kulia. Kisha akala.

Midomo mingine yote iliacha kutafuna. Baba mkwe alikuwa ameshika paja la kuku. Mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, asiyafute.

"Mkwe," aliita bila kugeuka. "Kuku huyu kachinjwa na nani?"

Yusufu akameza tonge lake, akainua mkono wenye mafuta, akitabasamu.