Maji Meupe Sebuleni

"Usitikisike," mke alimwambia mumewe. "Ukitikisika tu, mchanga wote unapanda juu."

Mume alikuwa amezamisha mkono hadi kwapani ndani ya tangi lao la samaki na matumbawe, akipapasa nyuma ya mawe. Hakuona kitu. Maji yalikuwa meupe pe, kama yaliyooshewa mchele, na hiyo ilikuwa siku ya kumi na mbili.

"Humu hakuna mzoga," alisema.

"Tafuta vizuri. Wewe hata soksi huzioni zikiwa miguuni."

Akacheka, na mchanga wote ukapanda juu.

Kisa kilianza na konokono. Alifia nyuma ya jiwe, akaoza, bakteria wakapata karamu na maji yakageuka maziwa. Walimtoa, wakabadilisha maji ndoo kwa ndoo, wakapima chumvi, na siku ya tano samaki wakaanza kuonekana. Siku ya sita maji yakachafuka upya. Tangu hapo kazi ikawa ni hiyo.

Wote wawili walikuwa wastaafu, mume dereva wa winchi ya kupakulia mizigo bandarini, mkewe mkunga. Tangu mtoto wao wa mwisho ahame, msemaji mkuu wa nyumba alikuwa friji. Mume na redio yake kibarazani, mke na simu yake chumbani. "Umefunga geti?" "Nimefunga." Basi, siku imekwisha. Hawakuwa wamegombana, na hilo ndilo lililomuuma mume. Wangegombana, angalau angejua aombe msamaha wa nini.

Sasa walikaa bega kwa bega kwenye vigoda, wakivizia samaki, na maneno yakaja yenyewe. Mke alisimulia mapacha aliowazalisha ndani ya lifti iliyokwama. Mume akasimulia siku aliyokwama juu ya winchi kwa muda wa saa saba huku amebanwa na haja ndogo. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na hakuna aliyekuwa amesikia kisa cha mwenzake.

Siku ya kumi na tatu samaki walipanda juu wakitweta. Wakamwita fundi wa matangi, mama mmoja asiye na subira. Alichota maji, akayapima, akayanusa.

"Hawa bakteria wanamaliza hewa yote," alisema. "Na kuna kitu wanakula. Mnawapa nini?"

"Sisi? Hatuwapi kitu," mke alijibu.

Mume akaangalia dari.

Fundi akafunga pampu kubwa ya hewa, na samaki wakatulia. "Kwa pampu hii hawafi. Ila nikiwaletea taa ya kuua vijidudu, keshokutwa maji yatang'aa kama kioo. Nilete?"

"Hapana!" walisema wote wawili kwa mpigo.

"Haya, shauri yenu," fundi alisema, akabeba mkoba wake.

Mume aliona aibu. Kila alasiri, mkewe akiingia kuoga, alikuwa akikoroga kijiko cha sukari kwenye bilauri na kuimimina nyuma ya chujio. Alijua bakteria wanaipenda. Hakujua kama kijiko kimoja kingeweza kuyafanya maji mazito kiasi kile, na sasa nusura aue samaki kwa ajili ya maongezi. Akaacha siku hiyohiyo. Roho ilimuuma, lakini akatafuta betri za redio, akajiandaa kurudi kibarazani.

Siku tatu zikapita. Maji hayakung'aa. Wiki ikapita. Yalipungua uzito kidogo tu, hata mkia wa samaki ulikuwa haujaonekana bado. Mume hakuelewa.

"Bakteria wabishi hawa," mkewe alisema kwa furaha, akivuta kigoda. "Haya, ulikuwa umefikia wapi kuhusu yule bosi wenu?"

Jumamosi asubuhi mume alitoka kwenda kununua mkate. Alipofika njiani akakumbuka kwamba ameacha miwani, akarudi. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo.

Mkewe alikuwa ameinama juu ya tangi, bilauri mkononi, akikoroga polepole kwa kijiko. "Mnisamehe, wanangu," aliwanong'oneza samaki. "Kidogo tu."

Mume alirudi kinyumenyume hadi getini. Akasubiri kidogo, kisha akaja tena akikohoa na kuburuza viatu, akaita kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: "Mama Watoto! Yamechafuka tena?"