Mkono wa Pili

Kwenye skrini mstari ulipanda, kisha ukaporomoka. Kingamwili aliyoiunda mtafiti ilikuwa imeiachia protini ya kirusi cha Ukimwi kabla dakika haijaisha.

"Rudia, daktari," fundi wa maabara alimsihi.

"Mara ya nne hii."

Mwaka jana waliipaka protini hiyo kwenye kioo ikasongamana. Kingamwili ikaing'ang'ania kwa mikono yake yote miwili saa nzima, na majaribio kwa wagonjwa yakaruhusiwa. Leo wameitawanya, kama ilivyotawanyika kwenye kirusi chenyewe. Mkono mmoja ulishika protini moja; wa pili haukuifikia nyingine.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," fundi alinong'ona.

Simu ya mtafiti ililia. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, wamenichoma dawa yako! Vidonge vyangu vya ARV nimevitupa chooni, vikaogelee. Dada? Mbona hucheki?"