Setilaiti Inasema Kuna Maji

Lusajo, bwana shamba wa wilaya, alimwamkia Bi Nyanzala aliyeingia ofisini kwake. Yule mama akatoa bonge la udongo kikapuni, akaliweka mezani. Lilikuwa kavu kama tofali.

"Mahindi yote yameungua, mwanangu. Chakula cha msaada kinakuja lini?"

"Kijiji chenu hakimo kwenye orodha ya msaada, mama. Setilaiti imepima, inasema udongo wenu una maji."

"Maji yapi?"

"Ya kinamasi cha bondeni. Kule juu inapima eneo kubwa kwa mpigo mmoja, bonde na mlima wenu pamoja. Nimewaandikia makao makuu mara tatu."

"Wamejibu?"

"Bado, mama." Nyanzala akatoka bila kuaga. Kupitia dirishani Lusajo alimwona amesimama uani juani, akipunga mikono yote miwili kuelekea mbinguni, kama anayesimamisha gari.